Hondohondo Aliyelisha Mti

Ndugu zangu, hebu niwape kisa cha mwalimu mmoja mstaafu wa kule milimani. Mtu huyu tangu utotoni hakuwa na ugonjwa mwingine ila kutaka kujua. Ndege wote aliwajua kwa milio yao. Alijua nani alichimba mfereji wa kwanza wa kijiji, na ulipita wapi. Watu walimtania, "Mwalimu, hao ndege watakupa nini?" Naye hujibu, "Sijui. Ndiyo maana natazama."

Basi kwa wiki nne akawa anamwona hondohondo dume, ndege yule wa mdomo mkubwa, akileta matunda kwenye mvule mmoja mnene. Anayaingiza kwenye ufa wa shina, anaondoka. Mara kumi kwa siku! Mwalimu akakosa raha. Jamani, ndege gani huyu analisha mti?

Akasogea na darubini yake kuukuu. Ufa ulizibwa kwa udongo, kumebaki upenyo mwembamba, na kwenye upenyo ikachungulia ncha ya mdomo. Kumbe mama yumo! Amejifungia tunduni na makinda, manyoya ya kurukia yamemnyonyoka, hawezi kutoka kutafuta chochote. Nyumba nzima inamtegemea mmoja. Mwalimu alifurahi kama mtoto.

Kesho yake dume hakuja. Aliyekuja ni fundi mbao na msumeno, maana kijiji kilimpa mvule ule apasue mbao za madawati.

"Fundi, nakusihi, subiri mwezi mmoja tu. Humu mna mama na watoto. Baba yao ndiye simwoni leo."

"Nani, yule mwizi wa mapapai?" Fundi akacheka. "Mwalimu, nilimpiga manati jana jioni. Kila siku yumo shambani kwangu! Na wala hali palepale, anabeba. Mlafi yule!"

"Alikuwa anabeba," mwalimu akasema, machozi yakimlengalenga, "anawaletea hawa."

Fundi akatega sikio kwenye shina, akawasikia makinda wakilia njaa. Akaulaza msumeno chini, akashuka shambani kwake. Aliporudi alikuwa na ngazi begani na papai bivu mkononi.

Haya, na sisi je? Jumamosi iliyopita, kwenye arusi ya hapahapa, mama mmoja alifunga pilau kwenye mfuko, meza nzima tukakonyezana. "Mwoneni huyo, hashibi!" Nani kati yetu aliuliza anampelekea nani? Tukimwona mtu anabeba, tunahukumu tumbo lake. Kutaka kujua habari za jirani ili umseme, huo ni umbeya. Kutaka kujua ili umsaidie, huo ndio upendo tulioagizwa.

Msinitazame hivyo. Mimi nilikaa meza ile, na mimi nilicheka. Tukitoka hapa ninakwenda kumpigia hodi mama yule. Atakayenifuata, asije mikono mitupu.