Mbwa Aliyelipita Paja la Mbuzi

Paukwa!

Hiyo pakawa yenu ni ya wagonjwa. Nataka ya watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Ehe! Sasa sikilizeni, na asiyeamini aseme mapema, anyanyuke, aniachie kigoda chake. Nasema hivi: palikuwa na mbwa. Mbwa wa kuwinda, mwenye meno yake yote. Akawekewa paja la mbuzi lililochomwa, linadondosha mafuta, tsii, tsii, tsii. Mbwa akalinusa. Akalipita. Akaenda zake kulala.

Umecheka, Shangazi Mwasi? Cheka tu. Na wewe Sindano unayetikisa kichwa kama kenge, unasema haiwezekani? Mimi shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, hatujaelewana bado. Lakini hili silikosei. Pukuchueni mahindi. Mikono yenu ni ya gunia, masikio yenu ni yangu. Na wanaosema hadithi ya mchana humwotesha msimuliaji mkia, waniache. Mimi mkia utanipendeza.

Hapo zamani, zamani ile ambayo hata bibi zenu wanaojidai wazee walikuwa hawajatungwa mimba, palikuwa na kijiji cha wawindaji. Jina lake sikumbuki, na ningelikumbuka nisingewaambia, maana nawajua, mngekwenda kuomba nyama.

Watu wale walikuwa na desturi. Mtu akila nyama, kipande cha kwanza anamtupia mbwa. Si mbwa wake tu, mbwa yeyote anayepita. Waliita fungu la mbwa. Walisema mbwa ndiye aliyewaonyesha mnyama porini, na asiyetoa fungu lake, mshale wake hautapata kitu tena. Nani atake balaa hilo? Kila mtu alitoa.

Katika kijiji hicho aliishi Bibi Nyamizi. Mzee! Mzee hasa! Kinywani alibakiwa na jino moja, na jino lile lilifanya kazi ya yote yaliyoondoka. Watu wakigombana, kwa Bibi Nyamizi. Mtoto akikataa kunyonya, kwa Bibi Nyamizi. Wala hakuwa na hirizi, wala hakupiga ramli. Alikuwa na macho tu. Alikitazama kitu mpaka kitu chenyewe kikaona haya.

Na aliishi mwindaji mmoja, Mlekwa. Hana mke, hana mtoto, ana mbwa. Mbwa wake alimwita Tutaonana, kwa ajili ya jirani mmoja waliyegombania naye mpaka wa shamba. Kila jioni Mlekwa anasimama mlangoni, anaita kwa sauti: "Tutaonana! Tutaonanaaa!" Jirani anafunga mlango, pa!

Mbwa mwenyewe sasa! Kifua kipana, miguu myepesi. Nungunungu akiingia shimoni, Tutaonana anamtoa. Nguruwe wakija shambani, Tutaonana anawarudisha walikotoka. Chui akilinyemelea zizi, Tutaonana anabweka mpaka wafu wanageuka upande. Na jioni anaweka kichwa kwenye goti la Mlekwa, wanakaa hivyo, wawili wale, kimya, kama mke na mume waliozoeana.

Lakini mwaka mmoja akaanza kujikuna.

Kwaru, kwaru, kwaru!

Akiamka, kwaru. Akilala, kwaru. Yuko mawindoni, swala yule pale, yeye anakaa chini: kwaru, kwaru, kwaru! Manyoya yakamtoka ubavuni. Masikio yakawa mekundu. Watu wakaanza kuwavuta watoto wao. "Mlekwa, huo ni upele! Utatuambukiza wote!"

Jumbe, mkubwa wa kijiji, akamwita Mlekwa.

"Ndugu yangu, mbwa huyu nampenda. Lakini kijiji nakipenda zaidi. Pombe ya mavuno ikiiva na yeye bado anajikuna, atavushwa mto."

Ng'ambo ya mto ndiko walikoishi chui. Kuvushwa mto ni kuliwa, ila watu hawakupenda kulitamka.

Mlekwa akaenda kwa Bibi Nyamizi. Alipewa kigoda, hakukiona. Akakaa chini, mbwa akamwegemea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na huyo mwenzako hasalimii?"

"Anajikuna, bibi."

"Namsikia."

Kwaru, kwaru, kwaru!

Bibi Nyamizi akamtazama yule mbwa. Akamfunua sikio, akamfunua paja, akamnusa. Upele anaujua, na huu haukuwa upele. Akauliza, "Wakati ule mlipohangaika porini mkakosa hata sungura, alikuwa anajikuna?"

Mlekwa akafikiri. "Mwanzoni. Halafu akaacha."

"Na mlipomwangusha nyati?"

"Lo! Alijikuna mpaka akalia."

"Basi ni nyama inayomwasha."

Habari ikatoka nje. Kijiji kikacheka mpaka kuku wakaruka. "Mbwa awashwe na nyama? Kesho Bibi atatuambia samaki amepaliwa na maji!" Bibi Nyamizi akacheka nao, jino likaonekana, akaendelea na shughuli zake.

"Sasa atakula nini, bibi?" akauliza Mlekwa. "Mbwa bila nyama si atakonda afe?"

"Nguvu ya nyama iko na kwingine. Tutaitafuta. Ila atakula kimoja kimoja. Tukimchanganyia vyote, tutajuaje kipi rafiki, kipi adui?"

Akaanza na mayai. Akayachemsha, akaonja kwanza mwenyewe kwa jino lake. "Nisichokionja mimi simpi yeye," alisema. "Mbwa si jalala." Tutaonana akala mayai. Akayapenda. Akayapenda mno! Akaanza kuwatembelea kuku viotani, kokoko, kwekwekwe, wenye kuku wakaja juu na fimbo. Na kujikuna je?

Kwaru, kwaru, kwaru!

Bibi akajaribu kambale wa mtoni. Akawapika, akatoa miiba kwa vidole, mmoja mmoja, akaonja, akampa. Mbwa akaramba chungu. Lakini mvua zilikwisha, mto ukawa unapungua, kambale wakawa wa kuwindwa kama swala. Na kujikuna je?

Kwaru, kwaru, kwaru!

Itikieni basi, mnaniachia mimi nijikune peke yangu?

Kwaru, kwaru, kwaru!

Hapo sawa. Bibi akachemsha kunde mpaka zikalainika kama uji. Akaonja. Akampa. Mbwa akala, akashiba. Jioni ikaanza: puuu! Tena: puuuuu! Mlekwa akatoka ndani, akahamia kibarazani, akamwachia mbwa nyumba. Na kujikuna?

Mnajua wenyewe.

Wakati huo mtama wa pombe ulikuwa umeshalowekwa mitungini. Ukipita njiani unaisikia harufu. Mlekwa akaja kwa Bibi, macho yamemvimba.

"Bibi, kila kitu kinamwasha. Niache nikamvushe mwenyewe. Angalau akiwa na mimi asiogope."

Bibi Nyamizi akamkuna mbwa kichwani. Halafu akasema, "Dunia nzima haiwezi kuwa adui wa mbwa mmoja. Nenda kaniletee mavi yake."

"Bibi?"

"Mavi, Mlekwa. Usinitolee macho. Nenda."

Akaletewa. Akachukua kijiti, akayapekua. Huku kipande cha mfupa wa mbuzi. Huku manyoya ya swala. Akamwinulia Mlekwa kile kijiti mpaka puani.

"Kunde zina manyoya?"

"Hazina, bibi."

"Haya."

Asubuhi Bibi Nyamizi akashika mkongojo wake, akamfuata Tutaonana kwa mbali. Mbwa akapita mlango kwa mlango, mkia juu, kama mkubwa anayekagua kijiji chake. Mlango wa kwanza mkono ukatoka: "Shika, baba. Yule kizee anakuua na njaa." Kipande cha ini. Mlango wa pili: "Maskini weee, wanakulisha kunde!" Ubavu. Wenye kuku wale wale, waliomfukuza kwa fimbo, shingo ya mbuzi. Hata yule jirani wa ugomvi! Akaufungua mlango kidogo, akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akatupa utumbo, akafunga, pa! Na mlango wa mwisho, mkono wenye bangili za shaba. Mkono wa nani? Wa Jumbe.

Ndivyo alivyopendwa mbwa yule. Kijiji kizima kilikuwa kinamsukuma mtoni kwa upendo, kipande kwa kipande.

Mimi ningepiga kelele. Ningemtaja kila mtu kwa jina la baba yake. Bibi Nyamizi hakumtaja hata mmoja. Alikwenda uwanjani, akaomba watu wakusanyike.

"Wajukuu zangu, fungu la mbwa ni desturi yetu. Mimi sitaivunja. Tutaonana ana haki yake kwa kila mmoja wenu. Sivyo?"

"Ndivyo!"

"Lakini ni mgonjwa, na mgonjwa hutunziwa chakula chake. Kuanzia leo, fungu lake mniletee mimi. Nitamtunzia."

Watu wakapumua. Kumbe nao walikuwa hawalali vizuri, desturi huku, Bibi kule! Jioni ile ile nyama zikaanza kuingia kwa Bibi Nyamizi. Maini yakaingia. Mbavu zikaingia. Figo zikaingia. Mlango wake ukafungwa.

Na mbwa akala nini? Bibi alikuwa na kapu la kumbikumbi, aliowakausha juani tangu mvua za kwanza. Akawakaanga bila chumvi, akawatwanga, akawachanganya na ugali wa mtama. Akaonja. Akafumba macho. Akaonja tena.

"Bibi," akasema Mlekwa, "mbakizie mbwa."

"Nahakikisha tu. Mayai yamemfundisha wizi. Kambale wamekwisha. Kunde, unajua mwenyewe ulikolala. Kumbikumbi ana mafuta, ana nguvu, na hakuna jirani atakayekuja na fimbo kumdai."

Tutaonana akala. Kesho yake akala. Na kujikuna?

Kwaru, kwaru, kwaru.

Akala tena.

Kwaru, kwaru.

Akala tena.

Kwa...

Kimya.

Manyoya yakaota ubavuni, laini kama ya kifaranga. Masikio yakapoa. Nungunungu wakaanza tena kuona taabu. Na Bibi Nyamizi naye, ajabu, mashavu yakamjaa, ngozi ikang'aa. Watu wakasema ni furaha.

Pombe ikaiva. Ngoma ikawekwa juani ikaze. Jumbe akamtazama mbwa, akaridhika. Lakini mwindaji mmoja, Sengasu, mtu wa kutafuta mchanga ndani ya asali, akasimama.

"Jumbe, leo amepona. Lakini mbwa aliyekatazwa nyama ataiiba. Akiiba atawashwa, akiwashwa tumerudi pale pale, na sasa tuna mgonjwa ambaye pia ni mwizi. Mnataka nini, mbwa au msiba?"

Watu wakaguna. Jumbe akakuna kidevu.

"Awekewe nyama mbele ya watu wote. Akiila, anavuka mto. Akiipita, anakaa, na asiguswe tena na mtu."

Mlekwa akamshika mbwa wake shingoni. Bibi Nyamizi akainua mkongojo.

"Sawa. Ila kesho asubuhi, Jumbe. Leo watu wamekunywa. Wataona mbwa wawili."

Watu wakacheka, wakakubali. Wakalala. Kukakucha. Hapo katikati hapana kitu, tuendelee.

Asubuhi uwanja ukajaa. Likaletwa paja la mbuzi juu ya ungo, limechomwa, tsii, tsii, tsii! Watoto wakameza mate. Sengasu mwenyewe akameza mate. Mlekwa alikuwa amegeuka, hataki kuona.

Tutaonana akaja, taratibu. Akalinusa paja. Akalizunguka. Akamtazama Mlekwa. Akamtazama Bibi. Akashusha pumzi ndefu: hhhfuu. Akalipita! Akajilaza miguuni pa Bibi Nyamizi, akafumba macho.

Vigelegele! Mlekwa akapiga magoti, akamkumbatia mbwa, analia, anacheka, hajui ashike kipi. Jirani yake akaja, akasimama, akakohoa. "Tutaonana," akasema. Na mara hiyo alikuwa anamwita mbwa.

Jumbe akatangaza: "Anakaa! Bibi, umetushinda. Sasa lile fungu lake la siku zote ulilomtunzia, liko wapi? Tumpe hata alione."

Bibi Nyamizi akalipigapiga tumbo lake, pwa, pwa.

"Nimelitunza mahali asipoweza kulifikia."

Uwanja ukaangua kicheko. Jino moja, jamani! Lakini lilikuwa na bidii.

Basi funzo lake hili hapa, mlipokee bure. Ukimpenda kiumbe, usimpe unachokitamani wewe, mpe kinachomkaa mwilini. Na dawa ikigoma kufanya kazi, kabla hujamlaumu mgonjwa, tazama kwanza mkono wako unatupa nini mlangoni.

Hadithi nimeifikisha, naitua hapa, kichwa changu ni chepesi.

Nini tena, Sindano? Mbwa gani duniani anaacha nyama? Umenikazia macho tangu mwanzo, wewe.

Haya. Haya! Nilisema pale katikati, kati ya kulala na kukucha, hapana kitu. Palikuwa na kitu.

Alfajiri, majogoo bado wanajinyoosha, Bibi Nyamizi alimwita Mlekwa na mbwa wake. Kapu zima la kumbikumbi lilikuwa limeshatwangwa. Akamlisha Tutaonana. Mbwa akala akashiba. Akamlisha tena. Mbwa akaangalia pembeni, akabembelezwa, akala. Tumbo likawa ngoma. Ile pumzi aliyoishusha mbele ya paja la mbuzi, hhhfuu, haikuwa hekima. Alikuwa anatafuta pa kuliweka, hapaoni.

Mlekwa alishtuka. "Bibi, si tunamdanganya Jumbe?"

Bibi Nyamizi akampangusa mbwa mdomo kwa ncha ya khanga yake.

"Jumbe alisema awekewe nyama," akasema. "Hakusema aje na njaa."