Mwatumu na Wapangaji Wake

Paukwa! Mbona kimya? Mnaogopa nitawashinda tena? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Na wewe msomi mwenye cheti hapo, usinikatize.

Hapo zamani ng'ombe alikanyaga tope, kwato ikaacha dimbwi. Humo waliishi dada wawili, Mwatumu na Mwanajaa, wadogo kiasi kwamba jicho lako, na maringo yake yote, lisingewaona. Mwili ndio nyumba, chumba kimoja tu, na nje nywele laini za malaika, tele, za kuogelea. Ndani ya kila mmoja walikaa wapangaji wadogo zaidi. Wa Mwatumu walikuwa Shanga wa mviringo, Kijiti aliyenyooka, na Msokoto aliyejikunja kama utepe.

Kila jirani alibisha hivi: "Hodi Mwatumu! Hamjambo humo ndani? Shanga mzima? Kijiti mzima? Msokoto mzima?"

Wivu ukamchoma Mwatumu. "Niogelee mimi, nilishe mimi, nibebe mimi, halafu wasalimiwe wao? Tokeni!"

Kijiti akasema, "Bibi, sisi tunatengeneza sumu ya kuua maadui, na kinga yake unaipata kwetu. Tukitoka, hata dada yako akikusogelea, sumu ya wapangaji wake itakuua."

"Ah! Mpangaji hakosi maneno siku ya kufukuzwa!"

Akapanda juu ya maji, akajianika juani. Siku ya kwanza joto likamshinda Shanga, akahama. Siku ya pili likamshinda Kijiti, akahama. Siku ya tatu likamshinda Msokoto, akahama. Wote wakaenda kupanga kwa Mwanajaa.

Mwatumu akacheza peke yake. "Sasa nitasalimiwa mimi! Mimi! Mimi!"

Wa kwanza kuja alikuwa Mwanajaa, mbio, kajaa huruma. "Dada, nasikia umebaki mpweke!" Akamkumbatia.

Lo! Mwatumu akaanza kuzunguka kama pia. Akazunguka, akavimba, akaishiwa nguvu. Akajibanza ubavuni mwa dada yake, akabisha kwa sauti ndogo:

"Hodi... Hamjambo humo ndani? Shanga mzima? Kijiti mzima? Msokoto mzima?"

"Wazima, bibi," Kijiti akajibu. "Na huko kwako, hamjambo humo ndani?"

Wakasubiri. Wakasubiri. Wakasubiri.

Hakuna aliyejibu.

Yangu imekomea dimbwini. Mwenye tamu kuliko hii aitoe, tumcheke.