Nyundo Isiyosikika

Palikuwa na mama mmoja, wapendwa, aliyeingia duka la vyombo kununua nyundo ya kulainishia nyama. Sikilizeni jinsi alivyoichagua, maana mtu humjui kwa anachonunua tu. Unamjua kwa kile anachokitafuta ndani ya anachonunua.

Muuza duka alimwekea tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ya chuma kitupu, nzito, upande mmoja meno, upande wa pili bapa. Ya pili ya alumini, nyepesi. Ya tatu ya mti, meno yake butu kama ya ng'ombe mzee. Yule mama akaishika ya chuma, akaigonga mezani, akainama na kutega sikio. Akaigonga ya alumini, akatega sikio tena.

"Mama," akasema muuza duka, "wenzako huangalia meno na mpini. Wewe unasikiliza. Unanunua nyundo au ngoma?"

"Nataka isiyopiga kelele."

"Basi hutaipenda iliyo bora. Hii ya chuma, nyama ngumu unaipiga kwa upande wa meno, unaanzia katikati unakwenda pembeni, uzito wenyewe unafanya kazi. Kuku unageuza, unatumia bapa. Hiyo ya mti itakuchosha mkono."

"Nipe ya mti. Mkono ni wangu."

Kwa nini mtu achague chombo kibovu mbele ya chombo kizuri? Nitawaambia.

Mama huyu alikaa nyumba ya kupanga, milango inatazamana kwenye korido moja, na ukuta wa jiko lake ndio uliokuwa ukuta wa chumba cha jirani. Nyundo yake ya zamani ilikuwa ya chuma. Kila ilipolia, korido nzima ilijua kwamba kwake leo kuna nyama. Na hapo ndipo mtu alipotokea kuazima chumvi. Chumvi, ndugu zangu. Tangu lini chumvi ya watu ikaisha saa ile ile kikaango kinapowekwa jikoni? Nanyi mnaijua desturi yetu: aliyekukuta unapika humwachi aondoke hajaonja. Kwa hiyo mama akatoa kipande leo, akatoa kipande kesho, na kila kipande kilimtoka kama jino.

Aliyemkera zaidi ni yule wa nyuma ya ukuta, mwanamke mjamzito ambaye mumewe alikuwa mbali kwenye kibarua. "Ile mimba ina pua kuliko paka," mama alikuwa akimwambia mume wake, na wote wawili wakicheka. Alisema hivyo juu ya mwanamke aliyelala peke yake na kuamka peke yake, akisubiri siku ambayo hakuna anayeijua.

Ikafika Jumapili. Wametoka ibadani, sauti zao bado zina nyimbo. Mama akafunga mlango, akafunga dirisha, akakunja kanga mara nne na kuiweka chini ya ubao. Msidhani hakuwa mpishi. Steki aliikata kukingama na nyuzi zake, akaifunika kwa nailoni isirushe maji, akaipiga kwa mapigo mafupi, yenye subira, mpaka ikatandazika sawasawa kila upande. Mikono ile ilijua kazi. Na nyundo ile ya mti, juu ya kanga ile, haikusikika hata kwa mumewe aliyekaa kitini hatua chache tu.

Mara mlango ukagongwa.

"Dada," sauti ikaita. "Dada, upo?"

Mume akanong'ona, "Amesikia."

"Hajasikia kitu. Atakuwa amenusa."

"Atanusa nini, na hujaikaanga?"

"Nyamaza."

Mlango ukagongwa tena, polepole zaidi. "Dada, nifungulie. Tafadhali."

Mama akatikisa kichwa. Akabaki ameshika nyundo hewani, mume akabaki ameshika pumzi. Watu wazima wawili, ndani ya nyumba yao wenyewe, wamejificha kama wezi kwa sababu ya steki. Wakasikia kiganja kikiburuzwa kwenye ukuta wa korido. Wakasikia ndara zikienda, zikisimama, zikienda.

"Kaenda kuazima kwingine," akasema mama, nao wakacheka. Nyama ikakaangwa. Ikawa laini, ikawa tamu, wakaila yote.

Sasa niulizeni jirani alitaka nini.

Uchungu ulikuwa umemshika. Chupa ilikuwa imepasuka, simu yake haina chaji, na korido nzima watu walikuwa bado hawajarudi. Alihitaji mtu wa kumshika mkono mpaka barabarani. Alienda mwenyewe. Hakufika kituo cha afya. Alijifungua kando ya barabara, nyuma ya meza ya nyanya, juu ya magunia, mikononi mwa muuza nyanya ambaye hakulijua hata jina lake. Mtoto alilia. Mungu ashukuriwe. Lakini msikimbilie kushukuru mkausahau ule mlango.

Baada ya siku kadhaa mama akaenda kumwona mzazi, kama tufanyavyo sote, na bakuli la supu kifuani. "Hongera, dada," akasema. "Pole pia. Ile siku hatukuwepo kabisa."

Mzazi akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Alikuwa na njaa, na mtoto alikuwa ananyonya. "Asante, dada," akasema. "Ila mlikuwepo. Niliwasikia mkicheka. Sikuja kuomba nyama. Nilikuja kutafuta mtu."

Wapendwa, nikimfikiria mama yule, damu inanichemka. Tena haichemki kwa sababu ya uchoyo wake. Uchoyo ni dhambi ya tumbo, na angalau mchoyo hutazama nani amesimama mlangoni, kisha akamnyima. Huyu hakutazama. Alikwisha kuamua jirani yake anataka nini kabla hajamsikiliza. Alishamkata, akamfunika, akamtandaza, akamfanya kitu kimoja tu: mwombaji.

Na sisi je? Simu ya ndugu wa kijijini inaita, tunaitazama ikiita, tunasema, "Huyo naye, lazima ana shida." Nani kakwambia? Je, kama baba yako amelala hoi na hilo ndilo anataka kukwambia? Mjane anatusogelea pale nje ya kanisa, nasi ghafla tunakumbuka safari. Labda alitaka kukuuliza mwanao amepona. Labda alikuletea mayai. Tumewafanya maskini kuwa watu wa neno moja, na neno lenyewe tumewawekea sisi vinywani. Halafu tunaingia humu na kumwomba Mungu atufungulie milango. Kwa uso gani? Tunamgongea Yeye kila asubuhi, nasi tunakwenda kwake na shida tupu, na hajawahi hata siku moja kuzuia pumzi nyuma ya mlango akisubiri tuondoke.

Msiniambie kwamba wengine huja kweli kuomba. Najua. Akija kuomba, una kinywa: mwambie ninacho, au mwambie sina. Neno "sina" lililosemwa uso kwa uso halijamwangusha mtu barabarani. Kilichomwangusha dada yule ni ukimya wa watu waliokuwepo.

Leo kabla jua halijazama, kuna mtu atagonga kwako. Mimi sijui anataka nini. Wewe pia hujui. Nenda ukafungue, ndipo umuulize.