Mlango Nilioufunga Siku ya Kupamba

Mgeni hukaribishwa kwa milango miwili. Nimewaona mkitazamana nilipolisema neno hilo, na huyu Salwa akauliza mgeni mmoja ataingiaje kwa milango miwili, kwani ni jini? Haya, kaeni, viti vya ukumbi vitasubiri. Wahenga hawamo katika methali hii. Imezaliwa papa hapa mtaani, na mwanzo wake naujua kuliko mtu yeyote, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Kupamba mnakujua. Bibi harusi hukalishwa jukwaani, wanawake wakamtazama, nao wenyewe wakatazamana, maana kila mmoja amevua buibui na kutoa nje nguo, dhahabu na misuko ya siku mbili. Mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Kwa hiyo msimamizi wa kupamba hupimwa kwa jambo moja tu: je, jicho la mwanamume liliingia? Chakula kikipungua atasamehewa. Jicho likiingia, atasemwa mpaka kaburini.

Mimi nilikuwa msimamizi hodari, na nilijijua. Alipoolewa Zeyana, binti wa kaka yangu, nikakabidhiwa ukumbi. Ulikuwa na mlango wa mbele uliotazama barabara, na mlango wa nyuma uliotokea uwanjani, ambako wanaume walikaa wakinywa kahawa na kucheza bao. Wa nyuma nikautia kufuli, nikapanga viti vya ziada mbele yake mpaka juu, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso niliyojitanda. Madirisha yalikuwa na nondo; nayo nikayaziba kwa leso nyingine.

Asubuhi ile akaja Mzee Shee, mtunzaji wa ukumbi, akasimama mbele ya ule mlima wa viti.

“Mwanakombo mwanangu,” akasema, “mlango huu haufungwi watu wakiwa ndani. Na pale ukutani pameandikwa watu mia mbili. Nyinyi mmealika wangapi?”

“Mzee Shee, harusi gani hiyo ya kuhesabu watu?” nikamjibu. “Na mlango huu ukiwa wazi, hao wacheza bao wako watatizama nini? Wataka nitiwe aibu?”

“Aibu ina dawa, mwanangu.”

Nilicheka, tena mbele za watu. Mzee wa watu akaondoka zake, akaenda kukaa uwanjani na wenziwe.

Wanawake walikuja zaidi ya mia tatu. Alasiri, Zeyana alipokwisha kukaa jukwaani, umeme ukakatika. Hatukujali, tulikuwa na jenereta. Tulikuwa tumeiweka nje kibarazani, kando ya mlango wa mbele, ili ngurumo yake isiziharibu nyimbo. Fundi akaiwasha, tukaendelea kuimba. Ilipopungua petroli, akaongeza bila kuizima. Moto ukaruka, ukashika pazia la mlangoni, na mlango pekee uliokuwa wazi ukawa unawaka.

Hapakuwa na wa kuongoza watu. Mia tatu wakageuka kwa pamoja, wakaukimbilia mlango wa nyuma, na mlima wangu wa viti ukawaporomokea. Leso yangu ilivutwa mabegani ikaenda chini ya miguu ya watu, na ufunguo ndani yake. Mimi nikasukumwa mpaka kwenye dirisha la pembeni mwa mlango. Nilipoipangua leso ya dirishani nilimwona Mzee Shee amesimama uwanjani na wanaume wenzake, wameshika mitaimbo.

“Mwanakombo!” akapaza sauti. “Tuvunje?”

Nyuma yangu wengine walilia, “Ufunguo! Yuko wapi mwenye ufunguo?” Na wengine, wallahi, katika moshi ule ule, “Wanaume wasituone! Hatuna mabuibui!”

Sasa nawaambia jambo ambalo hata mama zenu sikuwaambia. Ufunguo sikuwa nao, lakini jibu nilikuwa nalo, na nilinyamaza. Nilikuwa nikifikiria yatakayosemwa kesho. Sikunyamaza sana, labda pumzi kumi. Katika pumzi hizo, mdogo wangu Maimuna, aliyekuwa amemshika mkono bibi mmoja kizee asianguke, alianguka yeye, na watu wakapita juu yake. Nilimsikia akiniita mara moja tu: “Dada!”

“Vunjeni!” nikapiga kelele. “Vunjeni, vunjeni!”

Kufuli liling’oka kwa pigo la tatu. Nilidhani sasa wataingia kwa wingi, lakini Mzee Shee alikuwa amekwisha kuwaamuru. Walitupa viti nje, kisha wakajipanga safu mbili kutoka mlangoni, wakatugeuzia migongo, wakainua mikeka waliyokuwa wameikalia ikawa ukuta huku na huku. Tulipita katikati. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Ndipo nilipoielewa ile dawa ya aibu, na jinsi ilivyokuwa rahisi tangu asubuhi, kama ningemwomba.

Hakufa mtu, na Mungu namshukuru. Maimuna alivunjika nyonga. Mnamjua bibi yenu Maimuna kwa mkongojo wake, mkadhani ni uzee. Aliushika ana miaka thelathini na minne.

Baada ya hapo hakuna aliyenipa harusi, nami sikuomba. Nilikwenda kwa Maimuna kila siku, nikampikia, nikamfulia, na habari ya mlango hatukuitaja. Mwaka ukapita, na mwingine. Kisha binti yake Thureya akaposwa, na Maimuna akaniita chumbani.

“Msimamizi wa kupamba ni wewe,” akasema.

“Mimi, Maimuna? Mimi tena?”

“Wewe. Nani mwingine atakayeukumbuka mlango?” Akanitazama sana. “Lakini dada, mgeni hukaribishwa kwa milango miwili. Mimi ulinikaribisha kwa mmoja.”

Nilikaa chini pale pale, nikalia mbele ya mdogo wangu, naye akaniacha nilie.

Siku ya Thureya kadi zilikuwa mia mbili, jenereta ilikuwa nje, mbali na milango yote miwili, na wacheza bao walihamia upande wa pili wa uwanja baada ya kuombwa kwa adabu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, una pazia zito, nami nimekaa kando yake juu ya kigoda. Bibi harusi hata sikumwona. Wanawake walipita wakiniuliza kwa nini nimejitenga huko nyuma, na kila mmoja nilimjibu maneno ya Maimuna, mpaka mtaa mzima ukayashika: mgeni hukaribishwa kwa milango miwili, mmoja wa kumpokea, na mmoja wa kumrudisha kwao mzima.