Daftari la Kuonja

"Hati ya Uchunguzi Juu ya Kusinyaa kwa Mkanda wa Dola, na Hatua Zimpasazo Aliyeusinyaza."

Hilo ndilo jina la shauri lililoandikwa hapo zamani katika mji wa Mwanamtama, zama za Sultani Badrudini, kwa wino mweusi na mihuri mitatu. Mkanda wenyewe ulikuwa wa ngozi iliyonakshiwa dhahabu, alioachiwa Sultani na babu yake, naye akiuvaa mara moja tu kwa mwaka, siku ya Maulidi, mbele ya watu wote. Mwaka ule, zikiwa zimebaki siku arobaini, ulitolewa sandukuni ukapelekwa kwa Fundi Sudi, mshona ngozi, aupake mafuta. Akaupaka, akaurudisha. Sultani akaujaribu, na ncha mbili za mkanda zikatazamana kwa mbali kama mahasimu msikitini.

Basi katika jumba lile hapakuwa na mtu wa kusema kwamba Sultani amenenepa. Waziri akapima mkanda kwa macho, akatikisa kichwa, akasema, "Umesinyaa, Maulana. Mafuta ya fundi." Ikawa hivyo. Fundi Sudi akatiwa gerezani, ikaandikwa kwamba Maulidi ikifika na mkanda haujafunga, atatolewa mjini yeye na mkewe, na duka lake lifungwe.

Mkewe fundi alikuwa na kaka jina lake Makungu, mtu asiye na shamba wala kazi, aliyelala katika duka lile juu ya vipande vya ngozi. Watu walimwita mpumbavu, kwa kuwa aliuliza mambo ambayo kila mtu anayajua. Dada yake akamwendea, macho yamemvimba.

"Kaka, wewe siku zote una la kusema. Leo huna?"

"Ninalo," akasema Makungu. "Ila sharti nilisemee kule juu, na sina kanzu."

Akavaa kanzu ya shemeji yake, iliyomfika magotini, akaenda barazani. Akasujudu, akasema, "Maulana, Mola akuweke. Nimekuja kuufungisha mkanda."

Sultani, aliyekuwa akionja halua ya bakuli iliyoletwa kutoka nyumba ya arusi, akamtazama. "Utaurefusha?"

"Nitaufungisha."

"Basi sikiliza, ewe Makungu. Ngozi haitaongezwa wala kuvutwa, ni ya babu yangu. Mimi sitapunguziwa hata tonge moja. Na mtu asinitajie tumbo langu."

"Maulana, tumbo limeingiaje hapa? Sisi twazungumza habari za mkanda."

Sultani akaona neno hilo lina adabu. "Wataka nini?"

"Nataka daftari. Mkanda hausinyai bure. Kipo kitu kinachopita juu yake kila siku, nami sikijui. Na kiandikwe kila kipitacho, kama forodhani waandikavyo mizigo, kisha kisomwe hapa barazani kila Ijumaa. Sitaondoa kitu, sitakataza kitu."

Sultani akacheka. "Utachoka kungoja, maskini. Mimi hula mara mbili kwa siku, mkate asubuhi na wali adhuhuri. Mama yangu alikuwa akiniita chiriku, ndege wa kudonoa punje mbili tatu."

"Basi daftari litakuwa jembamba, Maulana."

Waziri kusikia neno daftari, uso ukamng'aa, maana hakuna alichokipenda kama daftari. Akatunga kanuni papo hapo: kila kitu kiandikwe kabla hakijapita, kwa jina na idadi, na kila mstari Sultani mwenyewe aupige muhuri kwa pete yake ya mkono wa kulia. Jambo hili Makungu hakuliomba. Serikali ilimpa bure.

Kesho yake asubuhi Makungu akaketi kando ya sinia, na karani mzee wa Waziri kando yake. Mkate ukaandikwa, Sultani akapiga muhuri, akala. Kisha mpishi akaleta sambusa tatu, kama ilivyo desturi, Sultani aonje chumvi.

"Sambusa tatu," akasema Makungu. Karani akachovya kalamu.

"Hizo haziandikwi," akasema Sultani. "Hapo sili, naonja."

Katika jumba lile kuonja hakukuhesabiwa kula, tangu enzi za babu. Sultani alionja chumvi ya mpishi, akaonja kila bakuli lililotoka kwenye arusi na hitima za mji mzima, maana kurudisha bakuli bila kuonja ni kumtukana aliyepika, na mji ule watu walioa sana.

Makungu akainama. "Maulana amesema kweli, si kula. Lakini kanuni ya Waziri haikutaja kula. Imesema kila kipitacho. Tumuulize Waziri kama sambusa hupita."

Waziri akaisoma kanuni yake mara mbili akitafuta njia ya kutokea. "Hupita," akasema kwa huzuni.

Ijumaa ya kwanza, watu wamejaa barazani, karani akasimama akasoma kwa sauti ile ile asomeayo majina ya wadeni wa ushuru. "Jumamosi. Mkate, mmoja. Sambusa za kuonja, tatu. Tende, saba. Tende za kuthibitisha kwamba zile saba zilikuwa nzuri, nne. Halua kutoka arusini, bakuli. Halua kutoka arusi nyingine, bakuli, ili wa kwanza wasije wakajivuna. Wali wa adhuhuri. Maandazi ya kungojea wali, matano..." Akasoma. Jua likasogea kutoka nguzo moja hadi nyingine, naye yu Jumatatu. Kadhi mzee, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri, akamgeukia jirani yake akauliza kwa sauti kubwa, "Chakula chote hiki! Askari wa ngome siku hizi wamekuwa wangapi?"

Waziri akarukia. "Maulana, Makungu amevunja sharti. Ametaja lile lisilotajwa. Na aungane na shemeji yake gerezani."

Makungu akahisi ile kanzu fupi inazidi kuwa fupi. Akamfikiria dada yake na mlango wa duka.

Sultani akauliza polepole, "Ametaja nini?"

"Hajafumbua kinywa, Maulana. Aliyesoma ni karani," akakiri Waziri.

"Na karani amesoma nini?"

Waziri akatazama sakafu. "Muhuri wako, Maulana."

Sultani akainuka akaingia ndani. Siku ile hapakuonekana mtu wa kumshauri lolote.

Kesho yake sambusa tatu zikaletwa. Karani akachovya kalamu. Sultani akaitazama kalamu, akazitazama sambusa, akasikia masikioni mwake sauti ya karani Ijumaa ijayo. Akasema, "Andika mbili." Ile ya tatu akaisukuma pembeni kwa kidole, na mpishi, asiyewahi kuona jambo hilo, akadhani sumu imepatikana.

Hayo yalikuwa yote kwa siku ile. Makungu hakusifu wala hakushangaa. Bakuli zikaja, Sultani akaonja kijiko kimoja mbele ya mjumbe, akasema kimefana, na heshima ya aliyepika ikabaki mahali pake. Juma la tatu akajaribu ujanja, na karani akaandika kwa mwandiko mzuri: "Baada ya alasiri, Maulana aliingia nyuma ya pazia pamoja na andazi moja, akatoka peke yake." Alipoletewa mstari huo aupige muhuri, Sultani aliuangalia kwa muda mrefu, akaupiga, na toka hapo pazia likapumzika.

Ikafika asubuhi ya Maulidi. Fundi Sudi akaletwa kutoka gerezani, mkewe akasimama kwenye mlango wa baraza ameshika upindo wa kanga. Mkanda ukazungushwa. Ncha zikakaribiana, zikagusana, Sultani akashusha pumzi, na pini ikaingia katika tundu la mwisho kabisa, lile la ukingoni.

"Umeurefusha," akasema Sultani.

"Sijaugusa, Maulana. Na upimwe."

Waziri akaupima kwa kamba, kisha akafungua daftari la babu, palipoandikwa urefu wake. Ulikuwa ule ule, wala haukupungua upana wa ukucha. Waziri akapima tena, kwa ajili ya kanuni.

"Kwa hiyo haukusinyaa kamwe," akasema Sultani.

"Hilo mimi nimekatazwa kulisema," akajibu Makungu.

Sultani akacheka, akicheka kwa uangalifu, mkono mmoja juu ya pini. "Mfungueni fundi. Nawe Makungu, omba utakalo."

"Kanzu ya kunifika miguuni, Maulana. Na lile daftari lisifungwe, maana matundu yamebaki sita."

Waziri akaandika katika hati kwamba Mkanda wa Dola uliponywa kwa hatua thabiti za ofisi yake, akatia mihuri mitatu. Lililotokea ni kwamba Sultani aliacha sambusa moja asubuhi, baadaye akaacha ya pili, na Fundi Sudi akarudi nyumbani kwa mkewe.