Mdomo wa Kumsemea Sikudhani

Hapo zamani, enzi ambazo hata babu wa babu yangu angeitwa mtoto, palikuwa na mji wenye lango moja. Nje ya lango ulilala ukungu usioyeyuka hata jua likiwa utosini. Ukungu ule uliita watu kwa sauti za wafu wao. Aliyeitika aliufuata, na hakuonekana tena.

Siku moja, kutoka humo ukunguni, akatokea langoni Sikudhani, binti mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanachipuka. Yuko peke yake. Alikuwa amemfukia mama yake njiani kwa mikono yake mwenyewe, na udongo ulikuwa bado umo kuchani.

"Pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la upande wa pili," akasema Farijala, bawabu wa lango. Ndiyo iliyokuwa sheria: mkono usipofika, wewe mtoto, ingia, ukifika, wewe mtu mzima, rudi ulikotoka. Msinitazame hivyo, nyie mnaonisikiliza, sheria si yangu.

Sikudhani akashika sikio barabara.

Farijala akautazama ukungu, akayatazama yale meno. "Haukufika," akasema. "Ingia, mjukuu wangu."

Akapokewa na Bi Kidawa, msuka mikeka. Adhuhuri moja wakiwa wanachambua ukindu, sauti ikaita kutoka nje ya lango: "Sikudhani! Sikudhani, mwanangu!"

Ilikuwa ya mama yake hasa, na kikohozi chake kile kile. Na Sikudhani alilelewa akaleleka: mama akiita, mtoto huitika, hata kama ana tonge mdomoni. Moyo ulimwambia nyamaza. Adabu ikamfungua mdomo. Bi Kidawa akauziba kwa kiganja, akaitika yeye: "Abee, mama!"

Ukungu ukanyamaza. Jina lililoitwa halikuwa la Bi Kidawa, basi ikamtoka sauti tu, ikaenda zake. Tangu siku ile ilisikika huko nje, "Abee! Abee!", na mwenyewe yuko ukumbini anasuka, kimya.

Mji ukaingiwa na hofu. Jumbe, mkuu wa mji, akaita baraza, akasema:

"Mtoto huyu ana mama anayemwita. Basi arudishwe kwa mama yake. Asiyetaka arudishwe, amsemee."

Farijala akasimama. "Nilimpokea mimi. Huyu ni mtoto, mkono haukufika."

"Binti, shika sikio," jumbe akaamuru.

Akashika. Watu wakaguna.

"Mdomo wa mwongo hausemei mtu," jumbe akasema.

Bi Kidawa akasimama, akamvuta mtoto kifuani, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Mdomo usio na sauti hausemei mtu."

Sikudhani akasema: "Nitajisemea. Yule si mama. Mama nilimzika mimi. Naomba nikae hapa kwa bibi."

Jumbe akatikisa kichwa. "Umesema vizuri, na hapo ndipo ulipojiponza. Mtoto husemewa. Anayejisemea ni mtu mzima. Farijala, fungua lango."

Farijala akalishika komeo, asilivute. Ukungu ukaanza kupenya chini ya mlango.

Haya, nyie mlioketi hapa, baraza sasa ni lenu, na mkono wa bawabu umeanza kuchoka. Mmoja alidanganya ili aokoe. Mmoja alitoa sauti yake ikaenda. Mmoja alisema kweli, naye hakuruhusiwa kusema. Je, mdomo wa nani ulistahili kusikilizwa?