Sori ya Mlangoni

Kila siku baada ya swala ya alasiri, Bi Mwanaheri hukaa barazani na ungo wake akipeta mchele wa chakula cha usiku. Hapeti kwa haraka. Hurusha, hutikisa, huchagua, na kuku wake humzunguka wakingojea chenga. Siku hiyo, kabla kuku hawajapata hata chenga moja, likasikika yowe kutoka ndani. Sketi ya shule ya mjukuu wake Fadhila ilikuwa imeunguzwa na pasi, imebaki na alama nyeusi kama kwato la punda. Hakuna aliyeuliza nani kafanya. Wa mwisho kushika pasi alikuwa Sudi, kaka yake Fadhila, alipokuwa akinyoosha jezi yake. Fadhila akakimbilia jikoni kulia. Sudi, viatu vya mpira vikiwa vimekwisha ingia miguuni, akachungulia ndani akiwa mlangoni, akasema, "Sori," akageuka aende zake.

"Wewe," Bi Mwanaheri alimwita bila kuinua macho. "Sori ya mlangoni haifiki jikoni."

Sudi alisimama. Alisema methali hiyo hajafundishwa shuleni, na pengine bibi ameitunga papo hapo ili amcheleweshe mechi. Huko jikoni nako kilio kilipungua, maana Fadhila naye alitaka kusikia.

"Kaa hapo kizingitini," bibi alisema. "Methali hii haikuzaliwa kitabuni. Ilizaliwa jikoni, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi."

Katika kijiji cha Kwemsala, upande wa Muheza, aliishi mpika vitumbua aliyeitwa Bi Chausiku. Kijiji kizima kilifungua kinywa kwa vitumbua vyake. Alivipika kwa kikaango cha chuma chenye vishimo saba alichoachiwa na mama yake, kizito, cheusi, kilichokunywa mafuta ya miaka mingi hata kitumbua kilibanduka chenyewe. Nyumba ya pili alikaa Hidaya, mke mchanga wa Mhina, aliyeolewa kutoka mbali. Hidaya alikuwa na haya. Akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja hakujua amwitikie nani kwanza, basi hunyamaza. Bi Chausiku ndiye aliyemwona, akamshika mkono, akamwingiza jikoni kwake. Tangu hapo kila alfajiri Hidaya alipita mlango wa uani bila kupiga hodi, akachukua mchi wa pili, wakatwanga mchele wakipokezana. Bi Chausiku alimwita "we mtoto", na Hidaya, aliyemwacha mama yake mbali, hakutaka jina jingine.

Mwaka huo neno sori liliingia Kwemsala. Lililetwa na binti mmoja aliyerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, naye alilitamka vizuri sana, akiinamisha kichwa kidogo. Watu wakalipenda. Kabla ya hapo kila neno lilikuwa na kazi yake: mgonjwa alipewa pole, anayepita mbele ya wakubwa aliomba samahani, asiyesikia aliuliza unasemaje, na aliyekosa alisema nisamehe. Sori ikaja ikazibeba kazi zote mgongoni kama punda wa mfinyanzi. Ukimkanyaga mtu, sori. Ukikanyagwa wewe, sori vilevile. Msibani watu walishikana mikono wakasema sori. Mwenye duka aliyeishiwa sukari alisema sori akafunga dirisha. Mzee Kiluwa, mchinjaji, alionekana akimwambia mbuzi sori kabla ya kumlaza chini, na watu wakasema mbuzi yule alikufa akiwa ameheshimiwa.

Hakuna aliyelipenda neno hilo kuliko Hidaya. Lilikuwa dogo. Mtu mwenye haya angeweza kulitoa na kukimbia.

Asubuhi moja Bi Chausiku alitoka kupeleka vitumbua vya harusi kwa jirani wa mbali kidogo. Kikaango kilikuwa bado juu ya mafiga. Hidaya, kwa mapenzi tu, alitaka mwenzake arudi akute jiko linang'aa. Mara nyingi Bi Chausiku alikuwa amemwambia kwamba kikaango kile hufutwa kwa kitambaa cha mafuta, wala hakitiwi maji. Lakini siku hiyo mikono ilitangulia, kumbukumbu ikafuata. Alichota maji ya mtungi, akayamimina juu ya chuma cha moto. Kikaango kikalia pa! Ufa ukakipasua kutoka ukingo hadi ukingo.

Hidaya alikifunika kwa kawa, kama mtu anayefunika chakula. Akatoka mbio. Mlangoni alikutana na Bi Chausiku anarudi.

"Sori," alisema, akapita.

"Sori ya nini, we mtoto?" Lakini mtoto alikwisha ingia kwake.

Asubuhi iliyofuata Kwemsala ilikunywa chai kavu. Mzee Kiluwa alisema kuinywa chai ile ni kama kumeza dawa, tena dawa ya ugonjwa usiokuwa wake. Habari za kikaango zikaenea, na watu wakaanza kupita kwa Bi Chausiku. Mmoja baada ya mwingine walisimama mlango wa mbele, wakainamisha kichwa kidogo, wakasema sori. Hidaya aliwaona. Akajifunga kanga, akajipanga nyuma yao, na zamu yake ilipofika akasema sori kama wao, kwa sauti ileile ya chini.

Bi Chausiku alimpa mkono. "Ahsante, Bi Hidaya," akasema. "Tumeshapoa. Karibu kiti."

Bi Hidaya! Akatolewa kiti cha sebuleni, akaletewa chai katika kikombe cha maua chenye sahani yake, kikombe cha wageni, ambacho Hidaya mwenyewe alikuwa akikisugua kila sikukuu na hakuwahi kukinywea. Aliulizwa habari za nyumbani. Aliulizwa hali ya Mhina. Hakuna hata neno moja baya. Alipoaga alisindikizwa hadi njiani, kama mgeni wa heshima, na alipofika kwake alijitupa kitandani akalia mpaka kanga ikalowa. Laiti angetukanwa!

Akajaribu tena. Mhina, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alienda Tanga kwa ombi la mkewe, akarudi na kikaango kipya. Hidaya alikipeleka mlango wa mbele, akakiweka chini, akasema sori mara mbili. Bi Chausiku alikipokea kwa mikono yote miwili.

"Zawadi nzuri, Bi Hidaya. Sijui nimekufanyia lipi hata unitunze hivi."

Akakitundika msumarini, sebuleni, kama picha. Kesho yake Kwemsala ikanywa chai kavu tena. Wanaume waliomwona Mhina akirudi na kikaango wakaanza kumtazama kwa macho ya njaa, bila kujua kwa nini hakipikiwi.

Alfajiri moja Hidaya aliamka saa ileile aliyokuwa akiamka siku zote. Akasikia kinu cha Bi Chausiku, anatwanga unga wa uji wake tu. Mchi ulikuwa mmoja. Ulipiga, ukanyamaza palipokuwa na nafasi ya mchi wa pili, ukapiga tena. Hidaya alisikiliza ile nafasi tupu. Akavumilia kidogo, kisha akashindwa. Akazunguka uani, akasukuma mlango wa nyuma, akaingia bila hodi.

"Mlango wa wageni uko mbele, Bi Hidaya," Bi Chausiku alisema, hakugeuka.

"Mimi si mgeni," Hidaya alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mimi ndiye niliyekipasua kikaango cha mama yako. Ulinikataza nisikitie maji, nikakitia kingali cha moto. Halafu nikakifunika, nikakuacha ukifunue mwenyewe. Niliogopa utanichukia. Nisamehe, mama."

Bi Chausiku aliulaza mchi, akageuka.

"Nilijua tangu siku ile," Bi Chausiku alisema. "Nilipoinua kawa, maji yalikuwa bado yanachuruzika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuja mlango wa mbele kunipa pole kama majirani wengine. Nikakupokea kama majirani wengine." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akadai ni vumbi la unga. "Kikaango ni chuma tu, we mtoto. Mimi nilikuwa natwanga peke yangu. Haya, chukua mchi. Mzee Kiluwa atatufia kwa chai kavu."

Kikaango kipya kikashushwa msumarini. Vitumbua vya kwanza viling'ang'ania chuma vikatoka vipande vipande, na Bi Chausiku akasema hivyo ndivyo vya Bi Hidaya, yule mgeni, aje avile na kikombe chake cha maua. Wakacheka hata moto ukawazimikia.

Tangu siku hiyo, kila mtu aliyesimama mlangoni kwa Bi Chausiku akasema sori, aliulizwa kwanza, "Ya mlangoni au ya jikoni?" Wa kutoa pole walijibu ya mlangoni, wakapewa kiti na chai, wakaenda zao kwa amani. Lakini waliokuwa wamekosa walikuna kichwa, wakavua viatu, wakazunguka uani. Na msemo ukatoka kwake, ukatembea vijijini.

Bi Mwanaheri aliutikisa ungo, chenga zikaanguka, kuku wakagombana. "Basi ndiyo maana wazee wakasema, sori ya mlangoni haifiki jikoni."

Sudi alitazama uwanja wa mpira, ambako filimbi ilikuwa imekwisha pigwa. Akafungua kamba za kiatu kimoja, kisha cha pili. Akaviacha kizingitini, akaingia ndani peku, na mlango wa jikoni ukasikika ukilia.

"Fadhila," alisema, "sketi yako nimeiunguza mimi. Niliacha pasi juu yake, nikakimbilia kuvaa jezi yangu. Nimekosa, dada. Nisamehe."